Sifa au jibu? Kwa mwalimu wa Muheza anayetaka kuacha kutunga

*Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Muheza, nina miaka 43. Natunga mashairi tangu kidato cha pili. Miaka sita iliyopita nilijiunga na chama cha washairi. Tuko kama arobaini, tunakutana Jumamosi moja kila mwezi. Zamani nilitunga kwa raha zangu tu. Siku hizi nikimaliza kusoma natazama nyuso za watu. Wakipiga makofi ya adabu, narudi nyumbani sina raha mpaka Jumatatu. Mwezi uliopita kijana aliyejiunga mwaka jana alipewa lakabu ya "Malenga" mbele yetu sote. Mimi sina. Niseme kweli, niliumia. Sasa sijui kama napenda ushairi au napenda kusifiwa. Je, nitunge nikae nayo mwenyewe, au niache kabisa? Nimeambatisha ubeti wa shairi langu la karibuni, lilisomwa na hakuna aliyesema neno. Samahani barua imechelewa, nilikuwa nahangaika na machungwa. Dalali alikuja na bei isiyofikia hata ya gunia lenyewe, nikayaacha mtini, yakaoza.*

Marahaba, mwalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka. Sikukucheka wewe, nilicheka hizo nyuso unazozitazama ukimaliza kusoma. Nazijua. Hadi leo, na mvi hizi, nikisimama mbele za watu jicho moja liko kwenye karatasi na la pili linamtafuta mzee mmoja wa safu ya mbele ambaye hutikisa kichwa kidogo anaponasa kina kizuri. Asipotikisa, siku hiyo chai hainishuki.

Kwa hiyo usinitarajie nikwambie kwamba mshairi wa kweli hajali sifa. Anayesema hivyo muulize mbona aliandika jina lake chini ya shairi. Ushairi wetu haukulelewa chumbani mlango umefungwa. Umelelewa barazani, harusini, ngomani, mahali ambapo watu wamekaa tayari kusema huyu kapatia na yule kachemsha. Tulikuwa na malenga, yaani watunzi mabingwa, tulikuwa na manju wa kuongoza ngoma, na juu yao shaha, ambaye neno lake kuhusu nani fundi na nani mwanafunzi lilikuwa na uzito. Vyeo hivyo havikuwekwa na watu wasiotaka kutambuliwa.

Tazama Mombasa ya mshairi Muyaka bin Haji, aliyezaliwa karibu na mwaka 1776 na kufariki 1840. Enzi za watawala wa Mazrui, Mvita, yaani Mombasa, na Lamu zilipokuwa hazipikiki chungu kimoja, hadi vita vya Shela mwanzoni mwa karne ya 19, Muyaka alikuwa akirusha shairi upande wa pili kama mtu anayerusha jiwe juu ya ukuta. Na jiwe lilirudi. Lamu alikuwapo Bwana Zahidi Mgumi na wenzake, na wao hawakukaa kimya. Hapakuwa na kitabu wala gazeti. Mashairi ya Muyaka yalikaa vichwani mwa watu nusu karne baada ya kuzikwa kwake, mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah akayakusanya akisaidiana na Mwingereza mmoja, W. E. Taylor. Unadhani watu waliyabeba muda wote huo kwa sababu yalipigiwa makofi? Makofi hayakai kichwani. Waliyabeba kwa sababu kila shairi lilikuwa na lenzake, na huwezi kusimulia ugomvi kwa kutaja upande mmoja. Kule Pemba ni hivyohivyo: mtaje mshairi Kamange, na kabla hujameza mate mtu atakutajia mpinzani wake, Sarahani.

Hapo ndipo ninapotaka tukae, mwalimu, maana nadhani ndipo ulipoteleza, na hukuteleza peke yako. Umechanganya sifa na jibu. Unasema umekosa sifa. Mimi nikisoma barua yako naona umekosa jibu, na hujalijua jina la njaa yako.

Nikusimulie kisa changu, kisha tutarudi kwenye machungwa.

Mwaka 1987 nilikuwa kijana, nakaa Pangani. Pale stendi ya mabasi palikuwa na mwembe mkubwa, tukisubiria gari chini yake. Siku moja wakaja watu na msumeno, jioni ukawa kuni. Niliumia kama nimefiwa. Nikatunga beti saba, tarbia, yaani mishororo minne kila ubeti, vina vya kati *-ti* na vya mwisho *-wa*, nikazipeleka kwa posta gazetini. Gazeti silitaji. Unajua tena mtindo wa siku zile: ubeti wa kwanza unamwomba mhariri nafasi, unamsihi asikutupe kapuni, na ubeti wa mwisho unasema kaditama, unataja jina lako na unakotoka. Ni desturi ya tangu Mambo Leo ilipoanza kutoka mwaka 1923 na wasomaji kila pembe ya Tanganyika wakawa wanatuma mashairi. Sisi tuliofuata tuliikuta, tukairithi, hata kama mhariri mwenyewe alikuwa keshachoka kuombwa.

Wiki ya tano shairi likatoka. Nikanunua nakala tatu. Beti zote saba zilikuwapo, hakuna hata mizani moja, yaani silabi, iliyodondoka. Jina chini yake lilikuwa la mtu mwingine.

Mwalimu, sikulala. Niliandika barua tatu kwa mhariri, na ya tatu haikuwa na adabu. Hakuna iliyojibiwa. Nikaapa kwamba sitatunga tena, kiapo kilekile unachotaka kula wewe. Kisha, yapata mwezi umepita, nikafungua gazeti lilelile kwa mtu mwenye duka, maana mimi nilikuwa nimesusa kununua, nikakuta shairi kutoka Mwanza. Beti saba. Vina *-ti* na *-wa*. Bwana yule alikuwa ananijibu. Alisema mwembe wenu ulistahili kukatwa, kwao tawi la mwembe lilianguka usiku wa mvua likapasua bati la jirani, watoto ndani. Aliuliza: kivuli cha abiria wa saa moja na usalama wa watu waliolala, kipi kizito? Na kila ubeti alianza kwa kuniita, kwa lile jina lisilo langu.

Sijawahi kupata furaha kama ile katika ushairi, na simo hata kwa jina. Nilisimama dukani nikasoma mara nne. Mtu nisiyemjua, ng'ambo ya nchi, alikuwa amekaa na beti zangu akazihesabu mizani, akazigeuza, akaona mahali nilipoacha wazi, akaingia. Aliyasoma maneno yangu kuliko mama yangu alivyowahi kuyasoma. Jioni ile nilianza jibu la jibu. Kiapo kilikufa hapohapo.

Ila nisijifanye malaika. Lile jina bado linaniuma. Mwaka huu ni karibu miaka arobaini, na nikipekua nakala ile natazama kwanza chini. Ndiyo maana nasema usihangaike kuling'oa hilo pendo la kutambuliwa. Halingʼoki. Lipe kazi tu.

Sasa ubeti wako. Naunakili kama ulivyouleta:

Machungwa yetu matamu, Muheza yanasifika,
Yana maji na utamu, kila mtu huridhika,
Wakulima wafahamu, kilimo kinatukuka,
Tulime kwa kujihimu, maisha kuboreka.

Tuanze na la ufundi, nilitoe njiani. Kipande cha mwisho kina mizani saba. Hesabu: ma-i-sha-ku-bo-re-ka. "Maisha yataboreka" ingekupa nane. Pia umefunga "matamu" na "utamu" kama vina. Hapo umejilipa deni kwa pesa uliyokopa mfukoni mwako mwenyewe. Haya ni madogo, na katika watu arobaini naamini watano waliyaona. Hawakusema. Kwa nini hawakusema ndiyo habari kubwa zaidi ya hiyo mizani moja.

Hawakusema kwa sababu ubeti huu haumgusi mtu popote. Nani atabisha kwamba machungwa ya Muheza ni matamu? Mimi wa Pangani nimekula hayo machungwa tangu sijaota meno ya pili, nakubali, nimekaa. Mshororo wa tatu ni wa bwana shamba kwenye redio. Wa nne ni wa diwani wakati wa kampeni, nakusudia diwani wa kata. Shairi zima limesimama mlangoni likiomba lisifiwe, na watu wastaarabu wakalipa makofi, likapokea, likaenda zake. Ulitunga kitu kisichoweza kujibiwa, halafu ukasononeka kwa kutojibiwa.

Hivi ndivyo pendo la sifa linavyoharibu kazi. Tunaonywa kwamba linamfanya mtu awe na majivuno; hilo si kubwa, washairi wenye majivuno ni wengi na wengine ni wazuri sana, majigambo yenyewe ni fani. Ubaya wake ni kwamba linakuchagulia mada. Linakupeleka kwenye mambo ambayo kila mtu ameshakubali: mama, amani, elimu ni ufunguo, pongezi kwa mkubwa aliyeteuliwa, rambirambi kwa mkubwa aliyekufa. Au linakupeleka upande wa pili, kwenye kamusi. Nimesahihisha mashairi miaka mingi, na nimeona mtu aliyezaliwa Dodoma, akakulia Dodoma, akijaza ubeti wake Kiamu na Kimvita mpaka yeye mwenyewe akiombwa aueleze anauliza, kwani nilisemaje? Inkisari na tabdila, yaani kufupisha neno na kubadili sauti yake, zinasaidia mizani ikikataa, hazikuwekwa za kumfunika msomaji macho.

Na cha ajabu shairi lako la machungwa ulikuwa nalo. Liko kwenye barua yako, sentensi ya mwisho, ile uliyoiombea samahani. Dalali, bei, gunia, matunda yanaoza mtini. Nimechukua maneno yako na kuyatia kwenye mizani, si kwa ubingwa, nilifanya jana nikisubiri maji yachemke:

Dalali kaja shambani, kwa jicho akayapima,
Bei kaiweka chini, gunia lina heshima,
Nikayaacha mtini, hadi yakaoza mema,
Mwanunua wa mjini, ni chungwa au dhuluma?

Sikusema ni zuri kuliko lako. Kipande cha "hadi yakaoza mema" kimekaa kama kiti chenye mguu mfupi. Lakini usome huu ubeti Jumamosi ijayo kisha uniambie kama watu arobaini watakaa kimya. Katika chama cha Muheza hamkosi mtu ambaye shemeji yake ni dalali. Hamkosi mtu anayesema kosa ni la mkulima kwa kutojiunga na wenzake wakauza pamoja. Hamkosi mtu wa mjini anayenunua chungwa moja kwa bei inayomfanya ajiulize pesa inapotelea wapi. Wote hao sasa wana mlango.

Unaweza kuniambia: mzee, lakini yule kijana hakupewa jibu, alipewa lakabu. Tulizungumze hilo, maana nimeona ndilo lililokuchoma hasa na umelificha katikati ya barua kama mtu anayepitisha senti mbovu.

Lakabu zetu nazipenda na nazionea huruma. Nyingine zimetolewa na watu waliojua wanachosema. Nyingine mtu alijipa mwenyewe usiku, asubuhi akazindukana ni Malenga wa mahali fulani. Nakumbuka ukurasa mmoja wa mashairi nilioupanga mimi mwenyewe ukawa na Malenga wa Pwani watatu, hawajuani, na mmoja alikuwa anaishi Singida. Ikitolewa na chama, mara nyingi hutolewa kwa sababu ambazo ushairi ni moja tu: mtu ni kijana na wazee wanataka abaki, mtu alijitolea turubai, mtu ana sauti nzuri. Usidharau sauti nzuri, shairi letu ni la kughanwa. Ila ujue umekuwa ukipima vina na wenzako walikuwa wanapima mambo manne kwa pamoja.

Sasa nikuulize, na ujijibu wewe, usiniandikie: shairi la yule kijana ulilisikiliza? Ulilisikiliza kwa hesabu ya mizani na mahali alipoacha wazi, au ulikuwa unasikiliza makofi yake? Maana mtu aliyeumia kwa lakabu ya mwenziwe huwa na dawa moja ambayo mimi imenifaa, na ni chungu kama mwarobaini. Mjibu. Chukua shairi lililompa hiyo lakabu, kaa nalo wiki nzima, tafuta alipokosea au alipopatia kupita kiasi, umjibu kwa bahari yake, yaani aina ya shairi lake, na vina vyake. Usimsifu na usimkejeli. Ukifika Jumamosi, ukisimama ukaanza kwa kumwita kwa hiyo lakabu yake mpya, nakuhakikishia chumba kitanyamaza. Naye atakaa hana usingizi, safari hii kwa sababu nzuri. Mkianza hivyo wawili, mkaendelea miezi mitatu minne, hakuna atakayekumbuka nani alipewa jina na nani hakupewa. Watasema "wale wawili".

Najua kuna ugomvi ambao haukuwa na mwisho mtamu. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya kwanza, yaani kitabu cha mashairi, mwaka 1974, isiyofuata vina na mizani, wapo waliomkatalia hata jina la mshairi. Wanamapokeo, watetezi wa vina na mizani, walimwaga wino, wapenda mashairi huru wakamwaga wino, wengine wakaacha kusalimiana. Sheria za utunzi ambazo Amri Abedi alikuwa amezipanga kitabuni mwaka 1954 zikashikwa kama rungu. Ukiyasoma magomvi yale leo unaona sehemu kubwa ilikuwa mapenzi ya dhati kwa lugha, na sehemu iliyobaki ilikuwa: je, mimi niliyejifunza kuhesabu mizani kwa jasho, huyu asiyehesabu naye aitwe kama ninavyoitwa? Ni uleule mwiba wako na yule kijana. Hata hivyo jibu lilikuwapo, na fasihi yetu ikatanuka kwa sababu pande zote mbili zilitunga huku zikigombana. Wangesusa wote, tungekuwa na ukimya.

Swali lako la pili: utunge ukae nayo mwenyewe? Baadhi, ndiyo. Lakini usifanye hivyo kama adhabu, wala usidhani ya sandukuni ni safi kuliko ya barazani.

Kuna mashairi yenye msomaji mmoja. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858, mwenyewe mgonjwa, akimwachia wosia. Hakuwa anatafuta jina Lamu nzima. Leo mtu yeyote anayesoma fasihi ya Kiswahili amepita hapo, wengine wakimpenda, wengine wakimbishia kila ubeti kuhusu mume na mke, na hilo la kubishiwa nalihesabu kuwa ni kujibiwa. Kuna mashairi ambayo hata msomaji mmoja hayupo. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kati ya 1969 na 1972 kwa sababu ya waraka wa kuikosoa serikali. Ndani ya chumba cha gereza alitunga kwenye karatasi za chooni, kwa siri. Hapakuwa na makofi, hapakuwa na mzee wa safu ya mbele. Na bado vina viko, mizani iko, bahari zinabadilika kutoka shairi hadi shairi kana kwamba ukumbi umejaa. Yalipotoka kitabuni, mwaka 1974 alipewa Tuzo ya Jomo Kenyatta, akaipokea. Sijasikia mtu akisema tuzo iliyachafua yale mashairi.

Kwa hiyo weka daftari moja la aina hiyo. La mkeo, la mwanao, la marehemu baba yako, la mambo ambayo ukiyasoma Jumamosi yatakugeuza mchekeshaji au mwombaji. Mimi ninalo, lina jalada la bluu, na mke wangu anajua lilipo nikifa. Sitalieleza zaidi. Nakwambia tu namna linavyonisaidia: nikiona mwezi mzima umepita sijaandika humo hata mshororo, huku yale ya kusomwa hadharani yameongezeka, najua nimeanza kulewa. Huo ndio upimaji pekee ninaouamini, wala si wa kitaalamu.

Kuacha kabisa? Mtu anayeweza kuacha haandiki barua ya kurasa tatu kuuliza kama aache.

Nikugusie kidogo tuzo, maana najua utaniuliza barua ijayo. Zipo, na ni za kweli. Ile ya fasihi ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell ni mojawapo, na Tanzania tuna Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu, yenye tanzu ya ushairi. Jaribu, kwa nini usijaribu. Lakini hizo zinataka mswada wa diwani nzima, na diwani nzima ya mashairi yaliyotungwa ili watu wasibishe humchosha msomaji kabla hajafika ukurasa wa ishirini. Jambo jingine, mtu akikwambia amependa mashairi yako na atayachapa, wewe lipia tu gharama kidogo, funga pochi kwanza, uliza vitabu vitauzwa wapi na nani. Nimewaona watunzi wazuri wenye maboksi matano ya diwani zao chini ya kitanda, panya ndio wasomaji. Njaa ya kutambuliwa ina wafanyabiashara wake kama machungwa yako yalivyo na dalali.

Na ukiwa chamani, omba kazi isiyo na makofi. Omba kuwa mtu wa kukaa na watunzi wapya nusu saa kabla ya mkutano kuwahesabia mizani. Wewe mwalimu, hiyo kazi umesomea. Sikupi kama toba. Nakupa kwa sababu mimi niliponyimwa jina na gazeti moja, miaka michache baadaye gazeti jingine lilinipa kiti cha kusahihisha mashairi ya watu, na hapo ndipo nilipojua kwamba mtu akikusomea shairi bovu kwa sauti inayotetemeka, anakuamini kuliko anayekupigia makofi. Kati ya wale niliowarudishia kazi zao zimejaa wino mwekundu, wapo wanaonipigia simu mpaka leo. Wakati mwingine ni saa nne za usiku, na kisa chote ni kina kimoja.

Sasa tumalize biashara ya machungwa. Nilipomaliza ule ubeti jana, maji yakiwa bado, nilijaribu kukaa upande wa dalali. Nikaona hata yeye hakosi la kusema, nikamwandikia mishororo miwili kwa vina vya ule ubeti wangu:

Sikudhulumu shambani, nauli yaniandama,
Ushuru kila njiani, hata mfuko wahema,

Miwili iliyobaki sijaitunga. Ipeleke Jumamosi hivyo ilivyo, imekatika, na umpe yule kijana.